Nadra Huku, Tele Kule: Magonjwa Adimu Yanavyosomeka Dubai

Sheria ya Marekani ya dawa za magonjwa adimu, iliyopitishwa mwaka 1983 na kurekebishwa mwaka uliofuata, iliweka mpaka wa watu 200,000. Ugonjwa wenye wagonjwa chini ya hapo nchini humo huhesabiwa kuwa adimu, na kampuni inayoutafutia dawa hupata nafuu ya kodi na kulindiwa soko kwa miaka saba. Umoja wa Ulaya nao una kipimo chake: si zaidi ya mtu mmoja katika kila 2,000. Kwa hesabu ya Wamarekani, selimundu, yaani siko seli, ni ugonjwa adimu, maana wagonjwa wake kule hukadiriwa kuwa 100,000 hivi. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Mwambie muuguzi wa wodi ya watoto pale Temeke kwamba huo ni ugonjwa adimu, atadhani unamtania.

Ualbino uko vivyo hivyo. Ulaya na Amerika Kaskazini hukadiriwa mtu mmoja katika 17,000 hadi 20,000. Tanzania imekadiriwa mtu mmoja katika 1,400. Sasa geuza upande. Daktari wa Sumbawanga anaweza kufika hadi kustaafu bila kumtibu hata mtoto mmoja mwenye thalasemia kubwa, ugonjwa wa damu ambao mwili hushindwa kutengeneza himoglobini ya kutosha. Katika Falme za Kiarabu inakadiriwa kuwa raia wanane hivi katika kila mia wanabeba jeni yake, na Dubai ina kituo kizima kwa ajili ya ugonjwa huo.

Kwa hiyo tunaposema ugonjwa fulani ni wa ajabu, au kwamba mgonjwa fulani ni wa kipekee, aghalabu tunaeleza mahali tuliposimama kuliko tunavyoeleza ugonjwa wenyewe. Dubai ni mahali pazuri pa kulichungulia jambo hili, kwa sababu ni mji ambao karibu watu tisa katika kumi wametoka kwingine. Mhindi wa Kerala, Mfilipino, Msudani, Mkenya anayelinda mlango wa jumba la maduka na Mtanzania anayefunga mzigo Deira wote wamekuja na vinasaba vya kwao. Kilicho nadra kwa mmoja ni cha kila siku kwa mwenzake, na daktari mmoja anatakiwa awajue wote.

Kituo cha thalasemia cha Dubai kilianza mwaka 1989 katika Hospitali ya Al Wasl, ambayo leo inaitwa Latifa, na mwaka 1995 kikapata jengo lake. Mtoto wa thalasemia kubwa huzaliwa akionekana mzima. Miezi sita ikipita anaanza kupauka, analegea, wengu unavimba hadi tumbo linatokeza, na asipotibiwa mifupa ya uso hupanuka kwa sababu uloto unahangaika kutengeneza damu isiyotosha. Tiba ya kumweka hai ni kuongezewa damu kila baada ya wiki tatu au nne, maisha yote. Lakini kila chupa ya damu ina madini ya chuma, na mwili wa binadamu hauna njia ya kuyatoa. Chuma hujikusanya kwenye moyo, kwenye ini na kwenye tezi za homoni, kikaua kijana ambaye damu ya watu ilimwokoa utotoni. Kwa miaka mingi dawa ya kukiondoa iliingizwa kwa pampu ndogo na sindano chini ya ngozi ya tumbo, kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili kila usiku, siku tano au zaidi kwa wiki. Mzazi aliyelea mtoto wa namna hiyo alijifunza uuguzi bila kupitia chuo. Vidonge vya kazi hiyo hiyo vilikuja baadaye.

Nimeanza na thalasemia kwa makusudi. Ndiyo iliyoifundisha Dubai kwamba ugonjwa wa kurithi unaweza kuhesabiwa, kupangiwa bajeti na hata kupunguzwa kabla mtoto hajazaliwa. Cyprus ilikuwa imeonyesha njia tangu miaka ya 1970: watu wakapimwa kabla ya kuoana, Kanisa la Kiorthodoksi likawa linadai cheti cha kipimo kabla ya kufungisha ndoa, na watoto wapya wenye thalasemia wakakaribia kwisha kisiwani. Falme za Kiarabu zikafuata mkondo huo kwa kufanya vipimo vya magonjwa ya damu kuwa lazima kwa wachumba. Hakuna anayekatazwa kuoa. Wawili wakikutwa wote wanabeba, wanaelezwa kuwa kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kumpata mtoto mgonjwa, kisha wanaachiwa uamuzi wao.

Hatua iliyofuata ilikuwa tone la damu la kisigino. Mtoto mchanga anachomwa kidogo, damu inadondoshewa kwenye karatasi ngumu yenye miduara, inakaushwa na kupelekwa maabara. Falme za Kiarabu zilianza mwaka 1995 kwa kutafuta fenilketonuria, ugonjwa unaoharibu ubongo wa mtoto asipobadilishiwa chakula mapema. Mwaka 1998 ikaongezwa hitilafu ya tezi ya shingo, mwaka 2002 selimundu, mwaka 2005 hitilafu ya kurithi ya tezi za juu ya figo. Tazama mpangilio huo. Hawakungoja wawe na mashine za kupima kila kitu. Walianza na ugonjwa mmoja, wakajenga mazoea ya kuchukua damu, kusafirisha kadi na kumpigia mama simu, halafu wakaongeza. Mimi naona hapo ndipo penye ujanja wote, na ndipo nchi zetu zinapokosea kwa kutamani mwisho wa safari kabla ya mwanzo wake.

Mwaka 2003 kikaanzishwa hapo Dubai Kituo cha Tafiti za Jenomu za Waarabu, chini ya tuzo ya sayansi ya tiba yenye jina la Sheikh Hamdan bin Rashid Al Maktoum. Kazi yake kubwa haina mvuto wa kamera: kupitia majarida ya tiba, kukusanya kila ugonjwa wa kurithi uliowahi kuripotiwa kwa Mwarabu, na kuuandika katika orodha moja ambayo daktari yeyote anaweza kuifungua. Ukurasa unaweza kuwa wa familia moja tu. Lakini daktari wa Muscat akikutana na mtoto mwenye dalili zile zile, hatasema tena kwamba hajawahi kuona. Atajua kuna mwenzake aliyeona, na wapi.

Mtu anayestahili kutajwa katika habari hii ni Profesa Lihadh Al-Gazali, mzaliwa wa Iraq, aliyefika Al Ain mwaka 1990 kufundisha na kutibu katika Chuo Kikuu cha Falme za Kiarabu. Mwaka 2008 alipata tuzo ya L'Oréal na UNESCO ya wanawake katika sayansi. Alikuta wodi zenye watoto ambao vitabu vya Ulaya havikuwaeleza sawasawa, na akaanza na daftari: nani kazaliwa na nani, babu ni nani, wangapi walikufa wachanga na walikuwaje. Miongoni mwa waliomfikia walikuwa watoto wa ugonjwa uitwao Stüve-Wiedemann.

Ugonjwa huo uliandikwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1971, kwa watoto watatu tu wa ukoo mmoja. Mtoto huzaliwa na miguu iliyopinda. Kumeza kunamshinda, maziwa yanapita njia ya hewa. Hupandwa na homa kali zisizo na maambukizi yoyote, kwa kuwa mwili wake haujui kujipoza, na Ghuba ni mahali pabaya pa kuzaliwa na hali hiyo. Ulimi wake ni laini, hauna vile vipele vya kawaida vya ncha. Akilia, machozi hayatoki, na jicho likiguswa halipepesi. Wengi hufa katika miezi ya kwanza. Wanaovuka miaka ya mwanzo hutulia kidogo, ingawa mgongo hupinda, na huvunjika au kuungua bila kuhisi vizuri maumivu. Kwa Wajerumani ilikuwa ajabu ya familia moja. Al-Gazali aliona watoto wa aina hii mmoja baada ya mwingine katika familia za Imarati, yaani Falme za Kiarabu, na mwaka 2004 yeye na watafiti wenzake wa Ulaya walitangaza jeni yenye hitilafu, iitwayo LIFR. Watoto wa Imarati walikuwa na badiliko lile lile moja, ishara kwamba lilitoka kwa mzee mmoja wa zamani aliyezaa ukoo mkubwa.

Hapo linaingia suala la ndoa za ndugu, na ni vyema lisemwe bila kuzunguka wala kutukana. Utafiti wa Al-Gazali na wenzake uliochapishwa mwaka 1997 ulikuta asilimia 50.5 ya ndoa za raia waliohojiwa zilikuwa za ndugu wa damu, kutoka asilimia 39 katika kizazi cha wazazi wao. Watu waliotajirika, wakasoma, wakajenga maghorofa, walioana na jamaa zao zaidi ya baba zao. Aliyedhani maendeleo peke yake hubadilisha mila za ndoa ana la kufikiri. Mali ikikua, watu hupenda ibaki ukooni. Na mji ukijaa wageni, mtoto wa ami ndiye unayemjua.

Daktari wa Kiingereza Archibald Garrod alilinusa jambo hili mapema. Mwaka 1902, akichunguza ugonjwa adimu unaofanya mkojo uwe mweusi ukikaa hewani, aliona kwamba wazazi wengi wa wagonjwa wake walikuwa mabinamu. Sababu tunaijua sasa. Kila mmoja wetu anabeba jeni chache mbovu zilizolala, zisizodhuru mpaka zikutane na pacha wao. Mabinamu wa kwanza wanashirikiana sehemu moja ya nane ya urithi wao, hivyo nafasi ya kukutana huongezeka. Hata hivyo tusikuze mambo: kwa makadirio ya kawaida, hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro kubwa ni asilimia 2 au 3 kwa wazazi wasio ndugu, na kwa mabinamu wa kwanza huongezeka takriban mara mbili. Yaani watoto wengi mno wa ndoa hizo huzaliwa wazima. Shida hujitokeza zaidi pale ndoa za namna hiyo zinaporudiwa kizazi baada ya kizazi ndani ya ukoo ule ule.

Kwetu bara, koo nyingi za Wahaya, Wachaga au Wakikuyu hukataza kabisa kuoana ndani ya ukoo, na wapo wanaodhani kwa hiyo wako salama. Selimundu haihitaji undugu. Sehemu nyingi za Tanzania asilimia 13 hadi 20 ya watu wanabeba jeni yake, kwa sababu anayebeba nakala moja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Wageni wawili waliokutana Kariakoo wakapendana wanaweza kubeba jeni ile ile bila kuwa na babu mmoja wanayemkumbuka. Dubai jeni mbovu hukutana na mwenzake kupitia undugu. Dar es Salaam hukutana naye kwa sababu amejaa mtaani. Kwa mtoto, matokeo ni yale yale.

Damu pia imehifadhi historia ambayo vitabu vya shule hupita juu juu. Jeni ya selimundu ina matoleo kadhaa ambayo wataalamu wameyapa majina ya mahali: Benin, Bantu, Senegal, Kameruni, na lile la Arabuni na India. Wagonjwa wa toleo la Arabuni na India mara nyingi huugua kwa unafuu kidogo, kwa kuwa hubaki na himoglobini nyingi ya utotoni. Walipopimwa wagonjwa wa Oman, takriban toleo moja katika kila matano lilikuwa la Bantu. Majahazi ya pepo za kaskazi na kusi hayakubeba karafuu na pembe peke yake. Yalibeba watumwa, masuria, wake na watoto, na jeni zao zimo katika damu ya Maskati hadi leo. Familia za Ghuba zinazoongea Kiswahili nyumbani zina kila sababu ya kuuliza kuhusu selimundu, hata kama hospitali iliyo jirani yao huwaza thalasemia kwanza.

Mgonjwa mmoja anaweza kufungua mlango ambao maelfu walikuwa wanagonga. Mwaka 1957, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa Hospitali ya Mulago kumtazama mtoto mwenye uvimbe kwenye pembe zote nne za taya. Hakuelewa. Muda mfupi baadaye akamwona mwingine Jinja, mwenye taya kama zile na uvimbe tumboni. Akarudi kwenye majalada, akaandika mwaka 1958, kisha akachora ramani. Vipande vya uvimbe vikasafirishwa kwa ndege hadi London, na humo mwaka 1964 kikaonekana kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, kinachoitwa leo Epstein-Barr. Yote yalianza kwa sababu mtu alikataa kuandika "uvimbe" na kupita. Ndiyo maana napingana na wanaosema kushughulikia magonjwa adimu ni anasa ya matajiri.

Dubai ya leo imevuka daftari. Hospitali ya Watoto ya Al Jalila, ya kwanza nchini kujengwa kwa ajili ya watoto pekee, ilifunguliwa mwaka 2016, na ndani yake kuna kituo cha jenomu kinachoongozwa na Dk. Ahmad Abou Tayoun. Mtoto mchanga akiwa mahututi bila sababu inayoeleweka, damu yake na ya wazazi wake inaweza kusomwa herufi kwa herufi katika siku chache. Jenomu ya kwanza ya binadamu, yaani vinasaba vyake vyote, ilichukua miaka 13 na mabilioni ya dola, ikatangazwa kukamilika mwaka 2003. Kusoma si kazi ngumu tena. Kuelewa ndiko kugumu: kila mtu ana tofauti milioni nne hadi tano kati ya herufi zake na zile za jenomu ya rejea, yaani ya kulinganishia, na kati ya hizo daktari anatafuta moja, pengine mbili, zenye lawama.

Njia ya kuzichuja ni kuuliza: je, tofauti hii ipo kwa watu wazima wenye afya? Ikiwa ipo kwa wengi, haina hatia. Lakini hazina kubwa za jenomu duniani zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, Waarabu na Waafrika wamo kwa uchache. Kwa hiyo tofauti ya kawaida kabisa kwa watu wa Ras al Khaimah, au wa Tanga, huonekana kwenye kompyuta kama kitu kigeni. Ripoti inatoka imeandikwa kwamba badiliko limeonekana, maana yake haijulikani. Mzazi anaitoa bahasha, anaisoma mara tatu, anabaki pale pale. Sehemu ya "ajabu" ya wagonjwa wetu inatengenezwa maabara, kwa kukosekana watu wetu wa kulinganishwa nao.

Wenyeji wameliona pengo hilo. Mpango wa Jenomu ya Imarati unalenga sampuli milioni moja za raia na tayari umekusanya mamia ya maelfu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tiba cha Mohammed Bin Rashid, Dubai, mwaka 2025 walichapisha rasimu ya jenomu ya rejea ya Waarabu iliyojengwa kutoka kwa watu 53 wanaoishi nchini humo. Tangu Januari 2025 wachumba raia katika Falme zote hupimwa jeni 570 zinazohusika na hali zaidi ya 840. Wanaokutwa na hatari wanaweza kuchagua mimba ya kupandikizwa baada ya kiinitete kuchunguzwa, na mafaqihi wengi wameshaafiki jambo hilo kwa wanandoa.

Angalia vizuri neno "raia" katika aya hiyo. Tone la damu la kisigino huchukuliwa kwa watoto wanaozaliwa nchini, wa raia na wa wageni. Kupimwa jeni kwa upana huo kabla ya ndoa ni kwa raia. Na tukifika kwenye tiba, ukuta unazidi kwenda juu.

Chukua ugonjwa wa misuli kunyong'onyea unaotokana na kasoro ya neva za uti wa mgongo, ule uitwao SMA. Mtoto wa aina ya kwanza hana hata miezi sita na tayari ukimwinua kwapani anateleza, shingo haimshiki, miguu imelala wazi kama ya chura. Macho yake lakini yanakufuata chumba kizima. Akili iko timamu. Bila tiba, wengi hawafiki miaka miwili. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha Zolgensma: kirusi kilichoondolewa madhara kinabebeshwa nakala nzima ya jeni inayokosekana na kuingizwa kwa dripu ya saa moja, mara moja tu maishani. Bei ilitangazwa dola milioni 2.1, karibu dirham milioni nane. Februari 2021 wazazi kutoka Iraq waliomfikisha binti yao Al Jalila walilia mitandaoni, na mtawala wa Dubai, Sheikh Mohammed bin Rashid, akaagiza gharama hiyo ilipwe. Familia za nchi nyingine, Waturuki hasa, nazo zimefika Dubai kwa dawa hiyo zikiwa zimechangisha lira kwa lira.

Nani atalaumu huruma iliyookoa mtoto? Lakini huruma haina foleni. Anayeonekana ndiye anayepata, na wa kuonekana ni yule mwenye simu nzuri, lugha inayoeleweka na uso unaovutia kamera. Bima ya afya ni lazima Dubai kwa sheria ya mwaka 2013, na mpango wa msingi kwa wanaolipwa dirham 4,000 au chini una kikomo cha dirham 150,000 kwa mwaka. Mtu wa mshahara huo angehitaji zaidi ya miaka 160, bila kula, kulipia dripu ile moja. Na kwa kanuni za ukaazi, mwenye chini ya dirham 4,000, au 3,000 pamoja na nyumba, hawezi hata kuileta familia. Ndiyo maana Wakenya na Watanzania wengi wa Dubai wameacha watoto, wakiwemo wagonjwa, Mombasa au Morogoro, nao wanatuma hela.

Magazeti hupenda habari ya namna hii mpaka dripu inapokwisha. Baada yake kuna wiki za dawa za kutuliza kinga, vipimo vya ini kila mara, mazoezi ya viungo kwa miaka, na mtoto ambaye pengine ataketi lakini hatatembea, kwa sababu neva zilizokwisha kufa hazifufuki. Mtoto aliyegunduliwa kwa tone la kisigino na kutibiwa kabla ya dalili hufanya vizuri zaidi kuliko aliyetibiwa akiwa amelegea. Hili peke yake linatosha kuonyesha kwamba bei ya dawa ni nusu ya hadithi. Nusu nyingine ni siku ya kugundua.

Kwetu, wanaobeba mzigo wa kugundua mara nyingi ni wazazi wenyewe. Tanzania kuna taasisi ya Ali Kimera inayoshughulikia magonjwa adimu, Kenya kuna Rare Disorders Kenya. Zote zimetokana na familia zilizozunguka hospitali, zikaambiwa degedege, zikaambiwa utapiamlo, wengine wakapelekwa kwa waganga wakaambiwa ni mkono wa mtu. Mei 2025 Baraza Kuu la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuyafanya magonjwa adimu kuwa suala la kipaumbele, nchi zikitakiwa kuyaingiza katika mipango yao. Maazimio hupitishwa kila mwaka. Swali ni kipi kifanyike wizarani Dodoma, Nairobi na Zanzibar kwa fedha zilizopo.

Sioni sababu ya kuanza na mashine za jenomu. Tuanze walipoanzia wao mwaka 1995: ugonjwa mmoja, tone moja. Kwetu ugonjwa huo ni selimundu, ambao bila huduma makadirio ya Afrika yanasema nusu ya watoto au zaidi hufa kabla ya miaka mitano. Tiba ya kupunguza makali ipo. Utafiti uliofanywa Kilifi, Mbale, Luanda na Kinshasa ulionyesha kwamba haidroksiyurea, kidonge cha zamani, ni salama kwa watoto wetu na hupunguza maumivu, malaria na vifo. Muhimbili imeshafanya majaribio ya kupima vichanga, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Mtoto anayezaliwa kituoni tayari anachomwa sindano ya BCG na kuandikiwa kadi. Kisigino chake kiko mkononi mwa muuguzi. Mfumo ukizoea ugonjwa ulio tele, ndio huo huo utakaonasa ulio nadra.

La pili ni daftari. Orodha ya Dubai ilijengwa kwa kusoma na kuandika, kazi ambayo chuo chochote cha tiba cha Afrika Mashariki kinaweza kuwapa wanafunzi wake. Wangapi wamezaliwa na Stüve-Wiedemann Unguja, kwa mfano, katika familia zenye jamaa Oman na Imarati? Hilo halijibiki bila mtu kuandika.

Na la mwisho liko mikononi mwa msomaji mwenyewe. Misikiti na makanisa mengi kwetu yameshazoea kuwaomba wachumba wapime virusi vya UKIMWI kabla ya ndoa. Kipimo cha selimundu hutumia damu ile ile ya mkononi. Anayeposa au kuposwa mwaka huu akiombe siku hiyo hiyo, na shehe au padri akiulizie. Aliyezika watoto wawili au watatu wachanga kwa dalili zinazofanana aziandike, zenye tarehe, na ampe daktari karatasi hiyo kabla ya mimba nyingine. Aliyejifungulia Dubai asipande ndege bila nakala ya majibu ya kisigino cha mtoto: ni haki yake, na daktari wa nyumbani hatayapata kwa urahisi kwa njia nyingine.